Siku Nyanya Alipomwomba Mwalimu Maswali Yake

Harufu ya kalamu ya risasi ikichongwa hunirudisha kijijini, kile kijiji cha wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, hata kama nimeketi zangu jikoni namenya ndizi. Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja kunitembelea kutoka chuo, akatoa wembe akaanza kuchonga. Vile vipande vyembamba vyekundu vikamwangukia mapajani, na harufu ya mutarakwa mkavu ikapanda, nami kisu kikanisimama mkononi. Mutarakwa ni ule mti wa nguzo za boma, Waswahili wa vitabuni wanauita mwerezi. Mtoto akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimekumbuka mtu.

Mjukuu huyu anasomea lugha. Nilipomwuliza lugha gani, akasema zote. Nikamwambia hiyo ni kama mtu kuniambia analima mashamba yote. Akacheka, kisha akanieleza polepole, maana anajua mimi shule niliionja tu kama mtu anavyoonja uji kuona kama umepoa. Akasema kuna wasomi waliotumia maisha yao kulinganisha maneno ya Kimeru na ya Kiembu na ya Kimbeere na ya Kitharaka, mpaka ya Kikamba na ya Kiswahili cha pwani, wakimtafuta mama aliyezizaa lugha hizo. Mama mwenyewe alikufa kale bila kuacha picha, kwa hiyo wanamtambua kwa nyuso za binti zake. Alinitajia majina ya wasomi hao kwa heshima kama mtu anayetaja watakatifu. Nikamwambia hata mimi nilimjua mmoja, na kwetu alikula. Akanitazama kama ninayeanza kusinzia.

Sikusinzia. Nitawaeleza nyinyi basi, kwa sababu yeye alikuwa na haraka ya kurudi Nkubu kabla ya mvua.

Wakati huo tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu, huko juu upande wa Kanyakine, tukarundikwa kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari kama maharagwe. Nyasi za mapaa zilikuwa bado mbichi na zilinuka kama zizi. Kando ya kijiji kulikuwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na wanawake ndio waliolichimba. Juu ya kilima ilikaa ngome ya homgadi, watu wetu waliopewa bunduki na serikali wawinde wapiganaji wa msituni. Shambani tulikwenda kwa saa walizotaka wao, na tulirudi kwa filimbi. Mtoto wa siku hizi akisikia filimbi anafikiri mpira. Mimi mpaka leo nikiisikia natafuta kuni nilizoangusha.

Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu. Nyanya, aliyemzaa baba yangu. Mama yangu, aliyeolewa kutoka Embu na ambaye alikataa katakata kuacha Kiembu chake, akisema mahari ililipwa kwa ajili ya mikono yake, si kwa ajili ya ulimi. Na mimi, Kagendo, mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Baba hakuwapo. Nyanya alikuwa ameiambia serikali kwamba mwanawe alikwenda Nanyuki kutafuta kazi kwa mzungu na hajarudi. Alilisema jambo hilo vizuri, bila kukwama, kila mara kwa maneno yaleyale, kama Mkristo na Baba Yetu. Walimchapa akalisema. Walimweka juani akalisema. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba Nyanya akienda kutafuta kuni ukingoni mwa msitu, kiondo kilitoka nyumbani kizito na kilirudi chepesi chini ya kuni. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Watoto wa miaka ile tulizaliwa tumenyamaza.

Mkuu wa homgadi tulimwita Kabuti kwa sababu ya koti kubwa la askari alilovaa hata jua likiwaka, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu. Hakuwa mgeni. Mama yake na Nyanya walikuwa rika moja, na alipokuwa mdogo Nyanya alimtoa mwiba wa mguuni, jambo ambalo Nyanya alipenda kulikumbusha mbele za watu, na kila akilikumbusha tulinyimwa ruhusa ya kwenda shamba. Lakini nimeanza kupotea, kama kawaida yangu.

Mtu niliyemkumbuka ni Mwalimu Muthengi. Alitoka chini Tharaka, kwenye joto na mtama. Aliwahi kufundisha shule ya misheni, kisha akapata kazi kwa mzungu mmoja msomi wa ng'ambo, ambaye mimi sikumwona, ya kuzunguka huku na huku akikusanya maneno. Alikuwa na baiskeli, na pasi yenye muhuri mkubwa iliyomruhusu kupita pale ambapo sisi tusingeweza hata kuchungulia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye midomo ya zambarau. Midomo hiyo ilitutia hofu watoto mpaka tulipomwona anavyofanya kazi. Aliandika kwa kalamu ya risasi ya namna ile inayotoa wino ukiilowesha, na kila alipopata neno jipya aliilamba kwanza. Akikaa kuichonga, harufu ya mutarakwa ilijaa uani, na kwangu ilikuwa ndiyo harufu pekee ya kijiji kile ambayo haikuwa ya moshi wala ya woga.

Sasa fikirini. Ni wakati ambao mtu akija na karatasi akiuliza, watu wanachukuliwa. Huyu anakuja anauliza: hii mwaiitaje? Anagusa goti. Hii je? Anagusa kiwiko. Wanawake kwenye foleni ya maji walimcheka kwa sababu kucheka kulikuwa salama kuliko kujibu.

"Serikali imepoteza goti," mmoja akasema. "Imemtuma huyu atafute."

"Mwambie kiwiko changu kimekwenda sokoni Nkubu, kitarudi jioni."

"Kikirudi bila pasi kitafungwa."

Walikuwa wamekubaliana wasimpe hata neno moja. Leo atauliza goti, walisema, kesho atauliza goti la nani lilipita wapi. Akatoka nyumba hii mpaka ile, akiondoa kofia, akijibiwa kwamba wenyewe hawapo na wenyewe ndio wanaojibu. Hivyo ndivyo alivyofika kwetu, Nyanya akipalilia kipande cha nduma nyuma ya nyumba.

"Maneno yamekwisha," Nyanya akamwambia kabla hajasalimia. "Yamebaki ya kuitia kuku."

"Basi nipe hayo ya kuku, mama."

Nyanya alicheka bila kutaka. Na kwa kuwa amecheka, ikabidi afuate adabu, maana mgeni aliyekuchekesha si wa kufukuzwa bila kuulizwa kwao. Akamwuliza ni mtoto wa nani. Mwalimu akataja baba yake, kisha akataja ukoo wao.

Nyanya akaliweka jembe chini taratibu, kama mtu aliyeshikwa mkono. "Wewe ni gichiaro changu," akasema.

"Ndivyo inavyosemwa," Mwalimu akajibu, na hakuonekana kufurahi. "Lakini mama, sikuja kwa gichiaro. Nimekuja kwa kazi."

"Kwani mtu huja na mguu mmoja?"

Hapa lazima nisimame niwaeleze, nyinyi mliozaliwa mjini. Gichiaro si urafiki. Rafiki unaweza kumnyima chumvi na jua likachwa vizuri. Gichiaro ni kiapo kilicholiwa na wazee wa koo mbili zamani, hata aliyekumbuka chanzo chake amekwisha kufa, nacho kinawashika wote wanaozaliwa huku na kule. Gichiaro chako akija na njaa unampa chakula ulichompakulia mwanao. Akikuomba fahali, unampa na kamba yake. Hamwoani, hammwagiani damu, na hamdanganyani, hata kwa mzaha. Laana yake haihitaji mganga, inajua njia yenyewe. Nyanya alikuwa na mjomba wake aliyemwambia gichiaro chake kwamba mzinga hauna asali, na kesho yake midomo ikamvimba kama maini. Mama yangu, ambaye hofu hizo za kwetu hakuolewa nazo, akasema pengine mjomba alikula ile asali akaumwa na nyuki. Nyanya hakusema naye mpaka jioni.

Basi tangu siku hiyo Nyanya alijibu kila alichoulizwa. Hakuwa na njia. Na nadhani, Mungu anisamehe nikimsingizia, alianza kupenda. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, akaanza na mwili, kichwa mpaka kisigino, kisha akahamia mambo ya mekoni. Akisikia neno la Nyanya, alisema la kwao Tharaka, kisha ananigeukia mimi: "Na mama yako huko Embu, wao wasemaje?" Mimi ndiye niliyekuwa na midomo miwili. Nyanya akisema muntu, mimi nasema mundu. Nyanya akisema ruuji, mimi nasema manji, na Mwalimu analamba kalamu kama aliyepewa maji yenyewe. Tukifika mbuzi, sote watatu twasema mburi, naye anatabasamu na ile midomo yake. "Mwaona," alisema, "huyu mbuzi tulitoka naye nyumbani, kabla hatujaachana."

Nyumbani wapi? Hilo alikuwa hajui, na ndilo alilotaka kujua. Nyanya alimwambia habari ya Mbwaa, ile nchi ya maji ambako wazee wanasema tulitumikishwa kabla ya kukimbia na kuvuka. Mwalimu alisema wazee wanaweza kusahau, wanaweza hata kupamba, lakini neno la goti halina sababu ya kudanganya. Nililishika hilo ingawa sikulielewa. Pengine hata sasa nalielewa nusu.

Nieleze pia namna nilivyojisikia, maana ndiyo sababu ya kusimulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Mtoto wa kike aliamriwa: chota, beba, nyamaza. Huyu mtu mzima wa baiskeli aliniuliza, akangoja, na nilichosema kikaandikwa. Nilikuwa nikilala nikikusanya maneno ya mama ili kesho niulizwe.

Siku moja alikuwa akiuliza mambo ya njia. Njia ya ng'ombe, njia ya kisimani. Akafungua kinywa akasema, "Na ile njia ndogo ya msitu..." Nyanya aliinua uso. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, mikono ikatulia kwenye ungo. Mwalimu akafunga kinywa, akatazama kalamu yake kwa muda, kisha akauliza tunaitaje majivu. Kutoka siku hiyo hakuuliza tena habari ya njia yoyote. Alirudi mekoni, kwenye mafiga na moshi na makaa, na huko akabaki, kama mtu anayezunguka mzinga ambao anajua una nyuki.

Lakini Kabuti naye ni mtu wa kwetu. Habari zilimfika kwamba yule mama mgumu, aliyekishinda kiboko, anajibu kila neno la Mtharaka bila kusita. Mzungu asingejua maana yake. Kabuti alijua.

Ilikuwa asubuhi ya baraza, jua limetoka kali baada ya mvua na udongo unatoa mvuke. Tulikaa chini, wanawake mbele na watoto magotini. Kabuti akatokea na Mwalimu kando yake, na homgadi wawili nyuma. Baiskeli ilikuwa imeshikwa na homgadi mmoja.

Kabuti akamwita Nyanya asimame mbele. Kisha akamwambia Mwalimu, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Umekula vya serikali siku nyingi kwa magoti na viwiko. Leo utauliza neno moja tu. Mwulize huyu mama mwanawe yuko wapi."

"Mkuu," Mwalimu akasema, "mimi nauliza maneno."

"Na hayo ni maneno."

"Kazi yangu si hiyo."

"Kazi yako iko kwenye pasi, na pasi iko hapa." Kabuti akaugonga mfuko wa koti. "Ukikataa, jioni hii lori la kambi ya kizuizini lina nafasi. Ukiuliza, panda baiskeli yako, nenda ukaulize magoti mpaka Marsabit. Wewe na huyu mama mna gichiaro. Nani hapa hajui?"

Sote tulijua, na kujua kwetu kulikaa pale kama mtu wa ziada.

Nilimtazama Nyanya. Nilimwona, kwa mara ya kwanza, anaogopa. Viboko hakuviogopa hivyo. Akiulizwa na Mwalimu, na Nyanya akasema Nanyuki, laana itaingia nyumbani, na hakuna mtu pale, mimi nikiwamo, aliyeshuku hilo hata kidogo. Akisema kweli, baba amekufa kabla jua halijazama. Na Mwalimu naye, kwa kumfanya gichiaro chake amtoe mwanawe auawe, angekuwa amemwaga damu ambayo haimwagiki. Alisimama akilamba midomo mikavu, na sasa hivi nikiifikiria sura yake naona mtu anayetafuta neno, na ni neno ambalo hakuwahi kulikusanya.

"Ngoja," Nyanya akasema. "Kabla ndugu yangu hajafungua kinywa, nina ombi kwake."

"Hakuna maombi," Kabuti akasema.

"Kwani nimekuomba wewe? Namwomba gichiaro changu. Au mama yako hakukufundisha? Wakati ule nakutoa mwiba nilidhani amekufundisha."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Homgadi mmoja alitazama viatu vyake. Hata homgadi wana koo, na kila ukoo una gichiaro mahali. Ombi la gichiaro halikatizwi, na Kabuti, na koti lake lote, alijikuta ananyamaza.

"Omba, dada yangu," Mwalimu akasema. Hakuwa amewahi kumwita dada.

"Naomba maswali yako."

Mwalimu alimtazama.

"Yote?"

"Yote. Nipe yawe yangu. Usiniulize mimi, wala mtu wa ukoo wangu, mkubwa wala mdogo, neno lolote tena, mpaka mmoja wetu azikwe."

Mtu wa kazi ile kuombwa maswali ni kama mfinyanzi kuombwa udongo. Na alikuwa amefika mekoni tu. Kulikuwa bado na shamba, na mvua, na wadudu, na ndoa, na kifo, mambo yote aliyoniambia tutayafikia.

"Nimekupa," akasema.

Kabuti alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Alimwamuru aulize, na Mwalimu akajibu kwa upole kwamba kitu hicho si chake tena, mkuu amwulize mwenyewe. Kabuti akamwuliza Nyanya mwenyewe. Nyanya akavuta pumzi akamwambia kwamba mwanawe alikwenda Nanyuki kutafuta kazi kwa mzungu na hajarudi, kwa maneno yaleyale, bila kukwama.

Pasi ilichanwa mbele yetu. Mwalimu alipigwa kofi moja, kofia ikaanguka, na hakuna aliyethubutu kuiokota. Makaratasi yake yalitiwa kwenye gunia. Alipopitishwa karibu yangu kwenda kwenye lori alinitazama, akafungua ile midomo yake ya zambarau, na nikajua ataniuliza, hata kama ni kitu kidogo, hata jina la vumbi. Akaifunga. Mimi pia nilikuwa wa ukoo ule.

Nilimchukia Nyanya. Ndiyo, nasema wazi, kwa sababu mtoto hachukii kwa hesabu. Niliona amemnyang'anya mtu kitu chake mbele za watu, na kwamba kwa ajili hiyo yule mtu amepigwa na kuchukuliwa. Nilimwuliza mama kwa nini Nyanya hakuomba lile swali moja tu la baba, akamwachia mengine. Mama alinifinya sikio akasema nikachote maji. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba anayeomba swali moja amekwisha kulijibu.

Baada ya hapo Nyanya akawa mtu wa kusema peke yake. Akipalilia, midomo inakwenda. Nilimkaribia nikasikia ni maneno tu, moja moja, hayana kichwa wala mkia: mvua ya mawe, siafu, kitovu cha ng'ombe, uzazi wa mapacha. Analisema neno, ananyamaza kidogo kama anayengoja lipokelewe, analisema lingine. Wanawake wakanong'ona kwamba viboko vimemfikia kichwani. Mimi nikaamini, na moyo wangu ukafurahi kidogo, jinsi watoto walivyo.

Kijiji kilivunjwa hatimaye, tukarudi mashambani. Baba alitoka msituni akiwa na nywele za kutisha na kikohozi. Ningependa kuwaambia tulisherehekea. Alikuwa mgeni mwenye hasira, alikunywa, alimpiga mama, na aliwatukana wote waliokuwa nje wakati yeye yuko ndani ya msitu. Siku moja Nyanya akataja jina la Mwalimu wakati wa chakula. Baba akatema mate. "Yule kibaraka wa wazungu na vikaratasi vyake," akasema. Nyanya alimtazama mwanawe huyo, akataka kusema kitu, akamwongezea mboga.

Haukupita muda mrefu, Nyanya akajaza ndizi na nduma kwenye viondo viwili, akaniambia twende Tharaka. Tulishuka siku nzima, hewa ikizidi kuwa moto na udongo ukigeuka mwekundu, tukalala kwa watu, tukashuka tena. Tulimkuta Mwalimu chini ya kibanda cha kukaushia mtama, amekonda, mkono mmoja umepinda ambao zamani haukupinda. Wakati ule ninaoukumbuka wa uani kwetu alikuwa mtu wa maswali kuanzia asubuhi. Sasa alitutazama tukiingia, akasimama, akasema:

"Mmefika. Mmechoka. Maji yako pale."

Hakusema habari zenu. Hakuuliza mvua, wala mifugo, wala kama tumekula. Mke wake, mama mnene wa kucheka, alituletea uji akatuambia tusimwone mume wake hana adabu. "Mtu akitoka upande wenu, huyu anakuwa kama amri kumi. Usifanye, ufanye, basi. Juzi kijana wa ukoo wenu amepita hapa na mguu unatoka damu, huyu anamwambia, 'Mguu wako unatoka damu.' Kama vile mwenyewe hajui."

Sote tulicheka, hata Mwalimu. Kisha kukawa kimya, na ule ukimya wa mtu asiyeweza kukuuliza kitu ni mzito, nyinyi jaribuni siku moja. Nyanya akakivuta kigoda. Akasema neno moja la Kimeru, la kijinga cha moto. Ndipo nikakumbuka: majivu, moshi, makaa. Hapo ndipo Mwalimu alipokatizwa. Nyanya alikuwa ameanzia palepale.

Mwalimu hakuwa na kalamu. Hakuwa na karatasi wala mzungu wa kumtuma. Alikaa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, kisha akajibu kwa neno la Tharaka. Nyanya akasema mvua ya mawe. Mwalimu akaleta ya kwao. Nyanya akanigusa goti, bila kuuliza, nami nikaleta ya mama yangu ya Embu. Tulikwenda hivyo mpaka vivuli vya mtama vikawa virefu, hakuna aliyeulizwa kitu. Mimi, niwaambie ukweli, nilichoka. Nilikuwa nimekua, nilitaka kwenda kuona mto, na katikati ya wadudu nilianza kuangalia mbuzi.

Kwa hiyo karibu linipite. Nyanya alikuwa kwenye siafu. Alisema siafu, akapokea siafu ya Tharaka, kisha kwa sauti ileile, bila kubadilisha hata pumzi, akasema:

"Mwanangu yuko nyumbani. Anakunywa, anagombana na mkewe, ana kikohozi. Alikuwa juu ya mto, kwenye pango la popo, siku ile ya baraza. Yuko hai."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mke wake aliacha kupeta. Mimi nilidhani ni habari tu, kama wageni wanavyopeana habari, na hata niliona aibu kwamba Nyanya anayasema ya pombe mbele ya watu. Sikujua kwamba mtu huyu alikuwa amepewa lori, na kambi, na mkono wa kupinda, kwa ajili ya swali hilo moja, na kwamba katika miaka yote ile hakuweza kumwuliza mtu yeyote wa kwetu kama walau lilifaa kitu. Nyanya alijua kwamba hawezi kuuliza. Alitembea mpaka Tharaka amjibu.

"Nyuki," Mwalimu akasema kwa lugha yake, na Nyanya akampa nyuki wa kwetu.